Mdomo Wako wa Chungu

Malawi,
Jumapili, baada ya misa.

Bukuru,

Kabla sijakusalimu nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si padre wa huku, si Tamanda ninayekaa naye chumba kimoja. Chungu chetu hakimo kwenye kapu la Bibi. Kiko huku kwangu, juu ya kabati, nimekifunga kwa kile kitenge cha kijani. Na mdomo wako, ule wenye mstari, umekatwa kipande. Aliyeonyesha mahali pa kukata ni mimi.

Basi, nimeshaandika. Nilishaianza barua hii kwa salamu mara kadhaa, na kila nilipomaliza salamu nilijikuta nahadithia mvua na chakula, halafu naichana. Kwa hiyo leo salamu zimekuja nyuma. Hujambo, dada? Shavu limepungua? Unaweza kutafuna upande ule sasa? Mama aliniambia walikuwa wanakupa uji tu na mchuzi, nikajua umenuna, maana wewe mgebuka usipouchambua miba kwa mikono yako unasema hujala. Bibi je, na magoti yake? Baba amemaliza lile boti la watu wa Kagunga, au bado wanamletea mbao mbichi? Mimi ni mzima. Baridi ya huku milimani nimeizoea, ugali wao nimeuzoea, ila samaki wao nawala kwa adabu tu.

Najua utauliza kwa nini barua na simu ipo. Simu ya nyumbani ni ya wote. Nikituma ujumbe wa sauti, Mama anaufungulia nje, anausikiliza yeye, mdogo wetu Chiza, na wanawake wote wanaoanika dagaa mchangani. Unakumbuka nilipomwambia nina upele mgongoni? Nilipokuja likizo, hata nahodha wa boti aliniuliza kama upele umepona. Barua hii anakuja nayo Sista Redempta anayehamia parokia ya Kigoma. Nimemwomba akupe mkononi utakapokwenda mjini kwa mchumba wako Elisha, na asimpe mtu mwingine hata akikuta mtu anayefanana na wewe. Amecheka, akasema, “Anayefanana naye si wewe?”

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana nataka ujue lilivyokuwa, si nijitetee.

Unajua ninachosoma, ingawa nyumbani mnakiita “yale mambo ya Padre” kwa sababu ni Padre aliyenifundisha Kilatini na ndiye aliyenitafutia nafasi huku. Ni masomo mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni akiolojia, kuwajua watu wa kale kwa vitu walivyoacha ardhini. La pili ni Kigiriki na Kilatini cha kale, na maandishi ya watu waliozisema lugha hizo. Asubuhi nasoma sarufi, mchana nashika vigae. Mama aliponiuliza nikimaliza nitakuwa nani, nilisema mwalimu, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu. Ukweli sijui nitakuwa nani. Najua tu kwamba nayapenda.

Kilatini kwangu si kigumu kama wengine wanavyolia. Wenzangu wanahangaika kwamba neno la kueleza lazima lifuate jina lake, libadilike nalo. Mimi na wewe tumezaliwa humo: chungu chetu, vyungu vyetu, mdomo wetu. Lakini sijawahi kulisema hilo darasani. Darasani sisemi kitu. Tangu darasa la kwanza pale Mwamgongo wewe ndiye uliyekuwa unajibu. Mwalimu akiniuliza mimi unajibu wewe, na sauti ni ileile, naye anaandika vyema. Huku hakuna wa kunijibia. Miezi ya mwanzo wengi hapa hawakujua hata jina langu, walikuwa wananiita “yule wa Tanzania”.

Kabla ya likizo, Dokta Mbewe anayetufundisha vyombo vya kale alituambia kila mmoja alete chombo kutoka kwao. “Kisiwe kipya cha dukani,” alisema. “Leteni kitu kilichotumika, mtueleze kinakaa wapi, nani anakishika, kinatiwa nini.” Nikawaza chungu cha Mama cha maharage, kile chenye ufa wa pembeni. Nilikuwa nimekikusudia hicho kweli, Bukuru. Siku ile ya kuondoka nilikiosha, nikakisugua masizi kwa mchanga. Kisha nikaingia chumbani kwa Bibi kuchukua kitenge cha kukifungia.

Bibi alikuwa nje anapukuchua mahindi. Kapu lilikuwa mahali pake, juu ya sanduku. Nikafungua kifuniko, nikasema nakitazama tu. Kisha nikakitoa. Ndipo nikagundua kwamba tangu tuzaliwe mapacha, mahasa wa nyumba ile, sijawahi kukishika peke yangu. Kila mara tunakishika wawili, wewe kwa kushoto na mimi kwa kulia, Bibi akiwa amekizungusha ili shingo yenye mstari ikuelekee wewe. Nilidhani ni kizito. Kumbe chepesi kabisa, ni togwa tu iliyokuwa inakifanya kizito. Niliitazama ile shingo yako yenye mstari ambao yule mfinyanzi wa Kidahwe aliuzungusha kwa sababu ulitangulia, na yangu isiyo na kitu, nikaziona tena siku zote tulizonywea humo. Komunyo ya kwanza. Siku tulipomaliza kidato cha sita. Na ile siku ya mwisho, barua ya chuo ilipokuja moja, Mama akimimina togwa huku akisema kama kawaida yake, “Mimi ni mtu wa kwaya, mambo ya mahasa siyaamini,” halafu anasema, “Lakini tangu lini mahasa wakapewa kimoja?”

Uliniambia nisimsikilize. Ulikunywa upande wako mpaka mwisho, ukafuta mdomo, ukasema, “Nenda. Mimi nitakuwa huku nikiwa wewe.” Sijasahau.

Na bado nikakifunga kwenye kitenge. Kwenye kapu nikaweka chungu cha maharage, nikafunika. Nilitaka nami niwe na kitu cha kuonyesha, kitu ambacho hakuna mwingine atakuja nacho. Sina sababu nyingine.

Kwenye boti nilikaa karibu na magunia, chungu kikiwa kifuani. Ziwa lilikuwa limechafuka siku ile, nikakikumbatia kwa mikono yote miwili. Mama mmoja mnene aliyekuwa amekaa mbele yangu akanitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

“Mwanangu, mbona mtoto halii?”

“Amelala,” nikasema. Usiniulize kwa nini. Unanijua, mtu akinishtukiza nakubali chochote.

“Mawimbi yote haya, amelala! Huyo mvuvi huyo. Wa kiume?”

Nikakivuta kitenge juu zaidi.

“Wa kike basi?”

“Ni mahasa,” nikasema.

Akashika kichwa. “Mahasa! Wote wawili wamo humo? Yesu wangu, umewabana hivyo wapumulie wapi? Lete nikusaidie mmoja.” Akanyoosha mikono. Nikamgeuzia mgongo. Akawaambia wenzake, “Mwacheni. Mtoto kazaa watoto, anaona haya.” Na mpaka tunafika Kibirizi walinipigia makofi na kuniimbia zile nyimbo za mahasa, zile za matusi zinazomsema baba yao, nahodha anaitikia na injini yake. Nilicheka, Bukuru, nilicheka mpaka machozi. Nilipotia mguu mchangani ndipo nikafahamu kwamba wamekiimbia chungu kama walivyotuimbia sisi siku tulipozaliwa, na kwamba nimekiiba.

Njiani nikajiambia nitakirudisha likizo ijayo, hakuna atakayejua. Basi la Mpanda, Mbeya, mpaka mpakani Kasumulu nilikuwa nacho mapajani. Afisa wa forodha aliuliza ni cha nini, nikasema cha kupikia. Hilo nalo lilikuwa uongo, lakini kwa wakati ule lilionekana dogo.

Darasani kila mtu alikuja na chake. Tamanda alileta birika la babu yake lenye mkono uliofungwa waya. Mvulana mmoja alileta ndoo ya plastiki, tukacheka, lakini Dokta akaipokea vilevile na kuuliza nani huchotea maji. Zamu yangu ilipofika nilifungua kitenge, na waliokaa nyuma wakasimama ili waone. Nikaanza kusema. Nilisema maneno mengi kuliko yote niliyoyasema tangu nije huku. Niliwaambia jinsi kwetu mapacha huitwa mahasa, wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, anayefuata Chiza, na jinsi ukimpa mmoja lazima umpe na mwenzake. Niliwaambia tuna tumbo moja la chungu na midomo miwili.

Yule mvulana wa ndoo akauliza, “Na mmoja akiolewa, mwenzake anamfuata na chungu?”

“Wanakunywa wote wawili kabla hajaondoka,” nikasema. “Ndiyo ruhusa yenyewe.”

“Wasipokunywa?”

“Sijui. Hakuna aliyewahi kukataa.”

Wakacheka, lakini kwa uzuri. Mtu akasema jina langu, Butoyi, akalitamka sawasawa. Nilijisikia kama wewe.

Baada ya kipindi Dokta akaniita kwenye maabara. Alikigeuza chungu taratibu, akaniambia udongo hunywa kila kinachotiwa ndani yake, na hukitunza hata miaka mingi, na kwamba akipata kipande kidogo sana cha ukingo angeweza kukisaga na kupima kilichokuwamo. Angeandika makala, na jina langu lingekuwamo. Kisha akauliza, “Ni cha nani?”

Nikasema, “Changu.”

Kwa Kiingereza ni neno fupi, linatoka kabla hujalifikiria. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema “changu” juu ya chungu kile. Hata Bibi aliyekiagiza kwa mfinyanzi husema “chao”.

Dokta akanitazama. “Chako peke yako?”

“Ndiyo, Dokta.”

“Haya. Nikate mdomo upi? Kwangu mimi yote ni sawa, chagua wewe.”

Nikaonyesha wenye mstari.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilitaka kukuandikia kwamba kidole kilikwenda chenyewe, lakini kidole hakiendi chenyewe. Ukweli ni kwamba sikutaka mdomo wangu uguswe. Na ukweli mwingine ni kwamba juma lile nilikuwa nimesikia habari za posa yako, na nilizisikia kwa Mama, pamoja na kelele za wanawake wa dagaa, si kwako. Nilikuwa na hasira na wewe, na sikuijua mpaka niliponyoosha mkono. Msumeno ulikuwa mdogo kama kitu cha kuchezea. Ulilia kama mtu anayesaga meno. Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole chako cha mwisho, lakini mahali pake panaonekana, na ukipitisha ulimi pangekukwaruza.

Siku chache baadaye Mama akatuma ujumbe. “Mwenzio kavimba shavu mpaka jicho limefumba. Tumempeleka hospitali mjini, wamemng'oa jino. Muombee.”

Nikapiga simu. “Mama, jino la upande gani?”

“Upande? Nyumba nzima haijalala kwa kilio chake, wewe unauliza upande?”

“Nataka tu kujua.”

“Kushoto. Haya, umejua, sasa jino litarudi?”

Najua jino halina habari na chungu. Najua ulivyokuwa unafungua chupa za soda kwa meno mbele ya wavulana, na nilikukataza. Huku tumefundishwa kwamba jambo kutangulia jingine si sawa na kulisababisha, na nimelipata swali hilo kwenye mtihani. Nilijikumbusha hayo yote. Kisha nikakishusha chungu, nikapatazama pale palipokatwa, nikakipandisha tena juu ya kabati na kulala nimekipa mgongo.

Kwenye simu ileile Mama aliniambia la pili. Chungu chake cha maharage kimeota miguu, na yeye anamjua mwenye miguu hiyo. Anamshuku Mama Yusta. Tangu hapo hawaazimani hata chumvi, na kisimani wanapishana kama magari. Nilimsikia anamsema jirani yetu aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, na mimi nikajua chungu kiko hatua chache kutoka alipokaa Mama mwenyewe, kwenye kapu la Bibi, mama mkwe wake. Nikasema, “Pole, Mama.” Basi, hayo tu.

Mwalimu wetu wa Kigiriki ni mzee anayesema polepole mpaka wengine wanasinzia. Juma lililofuata aliandika safu tatu ubaoni. Akasema lugha nyingi zina umoja na wingi, lakini Wagiriki wa zamani walikuwa na safu ya tatu, ya vitu viwili tu. Macho mawili, mikono miwili, ng'ombe wawili wa jembe moja, ndugu wawili. “Si mmoja,” alisema, “wala si wengi. Ni wawili, na neno lenyewe linajua kwamba ni wawili.” Sikuwa na jina lake kwa Kiswahili. Niliandika “uwili”.

Tamanda akauliza mbona vitabuni inaonekana mara chache.

“Waliiacha,” akasema mzee. “Polepole wawili wakaanza kuhesabiwa kama wengi wengine wowote. Mwishowe hakuna aliyeihitaji.”

Nikaomba ruhusa kutoka. Nilikaa nyuma ya jengo, nikalia. Nililia kwa sababu ya sarufi, Bukuru, ungekuwa karibu ungenicheka. Lakini nilikuwa nafikiria neno “changu”. Mahali pale pa katikati palikuwa na neno letu wawili. Niliulizwa mara mbili, na mara zote mbili sikulisema.

Kesho yake nilikwenda kwa Dokta. Nilimwambia chungu si changu peke yangu, ni chetu, mimi na dada yangu. Sikumwambia kwamba nilikichukua kwa siri, wala mdomo uliokatwa ni wa nani. Hilo unalijua wewe tu, sasa hivi.

Alivua miwani. “Nilikuuliza mara mbili,” akasema.

“Ndiyo, Dokta.”

“Kama ni cha wawili, mwenzako alikuwa na haki ya kunikatalia. Umeninyima mimi nafasi ya kumwomba, na umemnyima yeye nafasi ya kukataa.” Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema hataandika neno lolote mpaka wewe ukubali, na ukikataa atayafuta majibu. Kwa hiyo naleta ombi lake hapa. Usinifikirie mimi unapojibu. Ukisema hapana, mimi nitapona.

Majibu yenyewe yalikuwa yameshatoka. Ni mtama. Nimeukata mdomo wako ili niambiwe kwamba tulikuwa tunakunywa togwa.

Nilimwuliza kama panaweza kuzibwa. Akasema panaweza, wana kitu kama gundi wanachokitia rangi ya udongo hata jicho lisione. Lakini chombo kikishatiwa gundi hiyo si cha kunywea tena, ni cha kutazama tu. Nikakataa. Nadhani hapo nilifanya jambo moja sawa.

Sasa unaona nilipofika. Harusi yako ni baada ya mavuno, na mimi nakuja likizo kabla yake. Bibi ametuambia tangu utotoni kwamba chungu cha mahasa kilichovunjika mdomo hakinywewi, mpaka kifinyangwe kingine, ukoo wa Baba na wa Mama wakutane na kucheza upya ngoma ya mahasa, na aliyekivunja aseme mbele yao. Wakutane lini, na wajomba wengine wako ng'ambo ya Kasulu? Na mama yake Elisha ameshasema pale Ujiji kwamba kuoza mtoto kwenye nyumba ya mahasa ni kazi. Nimesikia hilo pia kwa Mama. Harusi ikiahirishwa kwa sababu ya chungu, watu watasema una mkosi. Hawatasema Butoyi ni mwizi, kwa kuwa mwizi yuko chuo kikuu na wote wanamsifu.

Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza nikifika niseme mbele ya wote, iwe itakavyokuwa. Ukitaka hivyo nitafanya hivyo. Nitatetemeka, lakini nitasema, na safari hii sitakungoja unijibie.

Ya pili ndiyo ninayokuomba, na najua kukuomba tu ni kukukata mara ya pili, maana nakufanya uwe muongo pamoja nami siku ya harusi yako. Nitakuja nacho kwenye kitenge. Wewe umtoe Bibi nje umpake mafuta magoti, nami nitakirudisha kwenye kapu. Chungu cha maharage nitakitoa hadharani, nitamwambia Mama ni mimi niliyekiondoa, na nitakwenda kwa Mama Yusta mwenyewe kumwomba radhi. Hilo nalifanya hata ukinikatalia mengine yote.

Kisha siku ya kunywa, Bibi atakapokizungusha, tukae kinyume. Wewe ukae kulia kwangu. Nguo zetu zitafanana, nywele tutasuka mtindo mmoja, na pengo lako ni la nyuma, halionekani usipocheka sana. Macho ya Bibi hayaoni tena kitu kidogo kama ukucha, na wengine kidole changu kitawaficha palipokatwa. Wewe unywe kwenye mdomo wangu ambao ni mzima, uondoke na ruhusa iliyo kamili. Mimi ninywe kwenye wenye mstari, pale palipokatwa. Kama kuna kitu kinachompata mtu anayeuweka mdomo wake pale, acha kinipate mimi niliyepachagua. Na kama hakuna, midomo yetu yote inafika tumboni mlemle, na umeolewa vizuri.

Nisalimie Baba, mwambie huku nimeona boti zao na hazimfikii. Nisalimie Mama kwa upole. Bibi mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, umpe shikamoo yangu. Mdogo wetu Chiza mwambie asome Kiingereza, asitegemee kubahatisha. Shemeji Elisha mwambie ukinuna mgebuka ndio dawa. Mama Yusta, jirani yetu, mpe salamu zangu hata kama Mama yuko karibu anasikia.

Na haya mengine usimwambie mtu. Si Mama, si Elisha, hata akikuuliza kwa nini umelia ukisoma. Mwambie ni jino. Mpaka nifike, yawe yetu, ya sisi wawili tu.

Ni mimi,
Butoyi wako.